Sura ya Sita: Asilimia Hukaa Kwenye Faili

Kyumbi ni pale barabara ya Machakos inapoachana na barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Wasafiri wengi huijua kwa kuipita tu. Lakini kwa familia za hapa na za vilima vya Mua, Kyumbi ni nyumbani, na kutoka nyumba hizo vijana wameondoka kwenda kutumikia majeshi mbalimbali kwa zaidi ya miaka mia moja. Sura hii ni ya yule aliyeondoka, akavaa sare ya Marekani, akaumia, akalipwa fidia kwa asilimia fulani ya ulemavu, kisha akarudi kujenga na kuishi huku. Sasa hali yake imezidi kuwa mbaya. Goti lililokuwa likiuma jioni sasa linauma tangu alfajiri. Anataka asilimia ipandishwe, na anauliza kama ni lazima aitwe tena mbele ya daktari wa serikali ya Marekani.

Jibu ni kwamba si lazima kila mara. Sheria inaruhusu madai ya nyongeza yaamuliwe kwa karatasi zilizopo, na imeruhusu hivyo kwa muda mrefu. Wengi hawalijui hilo, na wachache wanaolijua hulitumia vibaya, wakidhani wamepewa ruhusa ya kukataa kupimwa. Mambo hayo mawili yametengana sana, na anayeyachanganya hupoteza pesa.

Kabla ya kuingia kwenye kanuni, inafaa tukumbuke kwa nini jambo la karatasi linapaswa kumgusa mtu wa Ukambani kuliko watu wengine wengi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilikusanya wapagazi kutoka kila pembe ya nchi hii, Ukambani ikiwemo, kubeba risasi na chakula cha majeshi ya Uingereza hadi ndani ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Mwaka 1917 ukusanyaji huo ulikuwa mkali kupita kiasi. Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliowamaliza zaidi hawakuwa Wajerumani. Ni kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa. Vita vilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa ilibaki kwenye vitabu vya serikali bila kuwafikia jamaa zao. Jina lilikuwa limeandikwa visivyo, kijiji hakikutajwa, au daftari lilipotea. Oscar Watkins, ofisa aliyewaongoza wapagazi hao, aliwatetea kwa miaka baada ya vita. Hata yeye hakuweza kuwafufua watu ambao karatasi ilikuwa imewafuta.

Vita vya Pili vilipokuja, Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa askari wengi zaidi katika King's African Rifles. Jackson Mulinge wa Kathiani aliingia jeshi hilo mwaka 1942 na akaishia kuwa jenerali na mkuu wa majeshi ya Kenya huru. Askari wa kawaida alirudi nyumbani na kiinua mgongo kilichokadiriwa kwa rangi ya ngozi, kwa kuwa Waingereza walikuwa na viwango tofauti kwa Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Hao babu zetu hawakuwa na mahali pa kukata rufaa. Mjukuu aliyevaa sare ya Marekani anapo, na ananikera anapopaacha wazi.

Wajukuu hao walifikaje huko? Wengi walipitia bahati nasibu ya viza, ile ya "green card", kisha wakajiandikisha jeshini wakiwa wakazi halali. Wengine waliingia kwa mpango ulioitwa MAVNI, ulioanza kusajili mwaka 2009 na kusimamishwa mwaka 2016. Mpango huo uliwataka wageni wenye ujuzi wa tiba au lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Kijana aliyekuwa na viza ya mwanafunzi aliweza kupata uraia punde baada ya mafunzo ya mwanzo. Wengi wa vijana hao wa 2009 sasa wana miaka arobaini hivi. Huo ndio umri ambao mgongo uliobeba mzigo mzito mlimani Afghanistan huanza kudai haki yake.

Sasa tuingie kwenye faili lenyewe. Idara ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani, ambayo kila anayehusika huiita VA, hutoa asilimia kutoka 0 hadi 100, ikipanda kwa kumi kumi. Afisa anayekadiria hamwoni mdai. Yuko ofisini na jedwali la kanuni, na kazi yake ni kulinganisha kilichoandikwa kwenye faili na kilichoandikwa kwenye jedwali. Ukilielewa hilo, mengine yote yatafuata. Hakuna safu kwenye jedwali iliyoandikwa "anaumwa sana". Kuna nyuzi za pembe, idadi ya mashambulizi kwa mwezi, vipimo vya damu, na aina ya dawa.

Mgongo ndio mfano bora. Ukiinama mbele na kiuno kikaishia kati ya nyuzi 30 na 60, jedwali linatoa asilimia 20. Ukishindwa kuvuka nyuzi 30, linatoa 40. Kwa hiyo barua ya daktari inayosema "mgonjwa ana maumivu makali ya kiuno na hawezi kufanya kazi nzito" haimsaidii afisa hata kidogo, ingawa kila neno ndani yake ni kweli. Barua isemayo kwamba kiuno kilipimwa kwa goniometa, kile kipima pembe cha wataalamu wa fiziotherapia, kikafika nyuzi 25 na maumivu yakaanzia 15, inaweza kubadilisha malipo bila mtu kusafiri popote. Tena kuna siku za maumivu kulipuka. Mwaka 2017, katika kesi ya Sharp dhidi ya Shulkin, mahakama inayoshughulikia rufaa za wanajeshi wastaafu ilisema daktari anayepima hawezi kukwepa kukadiria ni kiasi gani kiungo hupungukiwa uwezo siku hizo eti kwa sababu hakumwona mgonjwa siku yenyewe. Anatakiwa aulize, asome, akadirie. Daktari wako wa Machakos naye akiandika, mwombe aliandike hilo: maumivu hulipuka mara ngapi, hukaa siku ngapi, na kiuno hubaki na uwezo gani.

Kipandauso ndicho ugonjwa ninaouona unafaa zaidi kwa njia hii ya karatasi, na hapa nitakaa kidogo. Hakuna daktari anayeweza kukipima kwa mashine. Jedwali linauliza jambo moja: ni mara ngapi kinamlaza mtu chini kabisa? Wastani wa mara moja kila miezi miwili ni asilimia 10. Mara moja kwa mwezi, kwa miezi kadhaa iliyopita, ni 30. Mashambulizi ya mara kwa mara sana, yanayomlaza kabisa na kudumu, hadi yakamharibia uwezo wa kujipatia riziki, ni 50, na hapo ndipo mwisho wa ngazi. Ushahidi wa mambo hayo unapatikana nyumbani zaidi kuliko kliniki. Daftari la shule la shilingi chache, lenye tarehe, saa kichwa kilipoanza, saa kilipoisha, dawa iliyomezwa, na kazi iliyoachwa siku hiyo, ni ushahidi halali. Maelezo ya mke au mume aliyefunga mapazia na kuwanyamazisha watoto ni ushahidi halali pia. VA ina fomu yake kwa mashahidi wa aina hiyo, namba 21-10210. Jirani aliyemkuta mwenye duka amelala nyuma ya kaunta adhuhuri anaweza kuijaza. Kisha daktari anayekutibu asome daftari lile na aandike kwamba mpangilio huo unalingana na ugonjwa anaoutibu. Faili la namna hiyo halimwachii afisa maswali mengi.

Na tofauti yake ni pesa halisi. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2024, mtu asiye na mwenzi wala mtoto anayemtegemea, mwenye asilimia 30, alilipwa dola 537.42 kwa mwezi. Mwenye 50 alilipwa dola 1,102.04. Pengo hilo ni zaidi ya shilingi 70,000 za Kenya kila mwezi. Kwa Kyumbi hiyo ni karo ya watoto na kisima pamoja.

Magonjwa mengine nayapitia haraka. Shinikizo la damu hukadiriwa kwa namba tupu: namba ya chini ikiwa kwa kawaida ni 110 na kupanda, au ya juu 200 na kupanda, ni asilimia 20, kwa hiyo kadi ya kliniki yenye vipimo vya miezi mingi inatosha kusema yote. Kisukari kinachotibiwa kwa insulini na mlo maalumu ni 20. Kikiongezwa sharti la kupunguza shughuli nzito, kinafika 40, ila mahakama ilisema mwaka 2007, katika kesi ya Camacho dhidi ya Nicholson, kwamba sharti hilo litoke kwa daktari. Mgonjwa akijipumzisha kwa hiari yake haihesabiwi. Sentensi moja ya daktari, iliyoandikwa na kutiwa tarehe, hubeba asilimia 20 nzima.

Sheria yenyewe iko wapi? Iko katika juzuu la 38 la Kanuni za Shirikisho, kifungu cha 3.326. Kinasema ripoti ya hospitali au ya uchunguzi kutoka taasisi yoyote ya serikali au ya binafsi inaweza kukubaliwa kwa kukadiria dai bila uchunguzi mwingine, mradi inajitosheleza. Maelezo ya daktari binafsi nayo yanaweza kukubaliwa hivyo hivyo. Uzito wote uko kwenye neno "inajitosheleza". Kisha, tangu 2012, VA imekuwa na utaratibu unaoitwa ACE, ambapo daktari wa uchunguzi husoma rekodi zilizopo, pengine akampigia simu mdai kujaza mapengo, na kujaza ripoti bila kumwita. Huwezi kuuagiza utaratibu huo kama haki yako. Unachoweza ni kupeleka rekodi zilizokamilika kiasi kwamba kuutumia linakuwa jambo la kawaida.

Chombo kikuu cha kufikisha ukamilifu huo ni fomu ziitwazo DBQ. Kila kundi la ugonjwa lina yake, na maswali yake yamepangwa kufuata jedwali lile lile la kukadiria. Daktari akiijaza, anajibu maswali ambayo afisa atayauliza, kwa mpangilio ambao afisa anaufahamu. Aprili 2020, VA iliziondoa fomu hizo mikononi mwa umma. Pigo hilo liliwaumiza wengi, na walio nje ya Marekani hawakuwa na mbadala wa karibu. Sheria iliyotiwa saini tarehe 5 Januari 2021 iliilazimu VA kuzirudisha. Leo mtu wa Kyumbi anaweza kuichapisha saiba, akaipeleka kwa daktari wake.

Huku kwetu kuna faida ambayo sijaona ikithaminiwa vya kutosha: hospitali zetu huandika rekodi kwa Kiingereza. Rekodi za mstaafu anayetibiwa Thailand au Ujerumani huenda zikahitaji tafsiri. Kwako wewe, karatasi ya Hospitali ya Machakos Level 5 inasomeka moja kwa moja. Kasoro yetu ni nyingine, nayo ni ufupi. Kitabu cha mgonjwa wa nje kina mistari miwili ya haraka, jina la ugonjwa limefupishwa, na sahihi haisomeki. Umlaumu nani, ilhali foleni nje ya mlango ni ya watu wengi tangu asubuhi? Ndiyo maana ni afadhali ulipie muda wa daktari bingwa hata mara moja kwa mwaka, umweleze tangu mwanzo kwamba unahitaji ripoti ya kukadiria ulemavu, na umwachie fomu aisome kabla ya siku yenyewe. Aandike jina lake kamili, sifa zake, namba yake ya usajili na tarehe. VA inaweza kuwasiliana naye kuthibitisha kwamba fomu ni yake, kwa hiyo nambari za simu ziwe zinazopatikana. Aandike pia kwamba amesoma rekodi zako za nyuma, kama kweli amezisoma.

Tena uliza kuhusu Mpango wa Matibabu ya Nje wa VA, ambao hulipia tiba ya magonjwa ambayo VA imekwisha yakubali kuwa yametokana na utumishi, hata mtu akiwa anaishi Kenya. Anayeutumia anapata tiba, na papo hapo anajenga rekodi. Mtu asiyekwenda hospitali kwa miaka minne kwa sababu dawa za maduka ya Kyumbi ni rahisi, kisha siku moja akaandika kwamba hali yake imezidi, amemwachia afisa njia moja tu. Mahakama ilikwisha sema, katika kesi ya Snuffer dhidi ya Gober ya mwaka 1997, kwamba mdai akisema hali imezidi na ushahidi uliopo ni wa zamani mno, VA inapaswa kumpima upya. Ukitaka usiitwe, usipeleke malalamiko peke yake. Peleka malalamiko yakiwa yamebebwa na vipimo vya miezi ya karibuni.

Hapa pana onyo ambalo naomba lisomwe mara mbili. Ukipangiwa uchunguzi, nenda. Kifungu cha 3.655 cha kanuni hizo hizo kinasema mtu aliyeomba nyongeza akikosa kufika bila sababu ya msingi, dai lake linakataliwa. Halipimwi kwa karatasi zilizopo, linakataliwa. Sababu za msingi zinazotajwa ni kama ugonjwa, kulazwa hospitalini, au kufiwa na mtu wa karibu. Mvua kuharibu barabara ya kutoka Mua inaweza kuwa sababu ya kuomba tarehe nyingine, lakini omba mapema, kwa maandishi, na uweke nakala. Wapo wanaofundishana kwamba kwa vile wamepeleka ripoti ya daktari wao, wito wa VA ni wa hiari. Hiyo ni sumu.

Na kuna madai ambayo hayana njia ya karatasi hata kidogo. Usikivu ni mojawapo. Kanuni inataka upimwe na mtaalamu wa masikio mwenye leseni ya jimbo la Marekani, kwa kipimo cha maneno kiitwacho Maryland CNC pamoja na kipimo cha sauti. Hakuna daftari la nyumbani litakaloziba pengo hilo. Mlio wa masikioni nao una asilimia 10 na hakuna kupanda juu yake, kwa hiyo kuomba nyongeza ya mlio peke yake ni kupoteza stempu.

Je, ikiwa tatizo halimo kwenye ushahidi? Hutokea kwamba daktari alipima vizuri, akaandika nyuzi 28, na afisa akampa mtu asilimia 20. Hapo hahitajiki daktari mwingine yeyote. Tangu tarehe 19 Februari 2019, sheria mpya ya rufaa ilipoanza kufanya kazi, mdai ana mwaka mmoja kuomba faili lipitiwe na afisa wa ngazi ya juu, kwa fomu namba 20-0996. Ushahidi mpya hauruhusiwi. Faili linasomwa upya jinsi lilivyokuwa, na unaweza kuomba simu moja ya kueleza kosa liko wapi. Hii ndiyo njia safi kabisa ya kupandishiwa asilimia bila kupimwa tena, na inafaa kwa mtu ambaye ameisoma barua ya uamuzi bega kwa bega na jedwali. Ukiwa na ushahidi mpya, njia ni dai la nyongeza ya ushahidi, fomu 20-0995. Ukisema hali imezidi tangu uamuzi wa mwisho, ni dai la kuongezewa, fomu 21-526EZ. Kuchagua fomu isiyo yake humrudisha mtu nyuma miezi.

Kuna pia ulinzi dhidi ya uchunguzi usio na lengo jema. Mwaka 2003, katika kesi ya Mariano dhidi ya Principi, mahakama ilisema haifai VA kuendelea kutafuta ushahidi zaidi ikiwa nia ni kupata cha kumwangusha mdai. Na pale ushahidi wa kumuunga mkono na wa kumpinga unapokaribiana uzito, sheria inamwelekezea mdai faida ya shaka. Kwa hiyo ripoti ya daktari wako wa Machakos ikiwa kamili, na hakuna kingine cha kuipinga, una msingi wa kuandika kwa heshima kwamba faili linatosha kuamua. Iandike sentensi hiyo kwenye barua ya kusindikiza dai, na utaje kurasa ambako majibu ya jedwali yapo.

Sitakuwa mkweli nisipoitaja hatari. Anayeomba kuongezewa analifungua faili zima la ugonjwa huo, na likifunguliwa asilimia inaweza pia kushuka. VA ikikusudia kupunguza malipo, ni lazima ikupe notisi na siku 60 za kupeleka ushahidi. Asilimia iliyodumu miaka mitano au zaidi bila kubadilika ina ulinzi: haishushwi kwa sababu ya uchunguzi mmoja mzuri. Iliyodumu miaka 20 haiwezi kushushwa chini ya kiwango hicho, isipokuwa iwe ilipatikana kwa udanganyifu. Kwa hiyo mwenye asilimia yenye miaka 18, na ushahidi mwembamba, namshauri akusanye ushahidi kwanza. Haraka ya nini?

Jamaa wa Kyumbi waliotumikia majeshi mengine wana sheria zao. Aliyekuwa Jeshi la Uingereza na akaumia kabla ya tarehe 6 Aprili 2005 yuko kwenye pensheni ya vita inayohesabiwa kwa asilimia, na anaweza kuomba ipitiwe hali ikizidi. Aliyeumia kuanzia tarehe hiyo yuko kwenye mpango wa fidia wenye jedwali la majeraha na masharti makali ya muda.

Mwanajeshi wa Kenya, aliyekuwa Somalia tangu majeshi yetu yalipovuka mpaka Oktoba 2011, yuko mahali pagumu zaidi, na hilo linaniuma. Sheria ya fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini ya mwaka 2007 inawaacha nje wanajeshi. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa nchi hii kupata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu. Hata hivyo Katiba ya 2010 inampa vitu viwili ambavyo babu yake mpagazi hakuviota. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali na kudai taarifa zisizo sahihi juu yake zirekebishwe. Kifungu cha 47 kinampa haki ya kupewa sababu za maandishi pale uamuzi wa serikali unapomdhuru. Kwa hiyo bodi ya madaktari ikimpa asilimia asiyoielewa, aombe ripoti yake na sababu zake kwa maandishi, akitaja vifungu hivyo viwili. Kama kosa ni la usomaji wa ripoti, hoja yake haihitaji mwili wake uvuliwe nguo tena mbele ya mtu yeyote.

Tukirudi kwa mwenye dai la VA, jihadhari pia na madalali. VA haitozi chochote kupokea dai. Wawakilishi wa mashirika ya wanajeshi wastaafu waliothibitishwa na VA husaidia bure, na hufanya kazi kwa simu na barua pepe. Wakili au wakala aliyethibitishwa haruhusiwi kutoza ada kabla ya uamuzi wa kwanza kutolewa. Anayekuahidi asilimia 100 kwa malipo ya miezi kadhaa ya fidia yako, na kukupatia daktari atakayejaza DBQ bila kukugusa wala kusoma rekodi, anakuweka kwenye hatari ya kesi ya udanganyifu. Kukosa kuitwa kupimwa kunajengwa na rekodi za kweli za daktari anayekujua.

Mwisho kuna suala la tarehe. Ukituma taarifa ya nia ya kudai, fomu 21-0966, unapata mwaka mmoja wa kukusanya ushahidi, na malipo yanaweza kuhesabiwa tangu siku taarifa ilipopokelewa. Na kama rekodi za kliniki zinaonyesha hali ilizidi ndani ya mwaka uliotangulia dai, malipo yanaweza kurudi nyuma hadi siku hiyo iliyoandikwa. Tarehe kwenye kitabu chako cha hospitali ina thamani ya dola.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe au mwanao ni mmoja wa waliovaa sare ya Marekani, tuma taarifa ya nia wiki hii. Siku hiyo hiyo omba nakala ya faili lako lote kwa fomu 20-10206, kwa sababu huwezi kujua kama karatasi zinatosha kabla ya kuona zile ambazo VA inazo. Likifika, lisome ukiwa na jedwali mkononi, ukurasa kwa ukurasa, kisha ndipo umwendee daktari na orodha ya kinachokosekana.